Dakika Hamsini na Tano za Hewani

Akinyi mwanangu,

Bahasha hii nitakupa kesho mlangoni mwa ndege, si kabla, na nitakuomba usiifungue mpaka magurudumu yaache ardhi. Nakujua. Zawadi zote za Krismasi katika nyumba hii ulizifungua na kuzifunga tena tangu ukiwa na miaka minne, na gundi ndiyo iliyokuwa ikikusaliti. Hii nakuomba uivumilie. Nataka uisome ukiwa hewani, mahali ambapo huwezi kunipigia simu wala kuteremka, na mimi siwezi kuuona uso wako. Huo ni woga, ndiyo. Utaona woga huo ulikotoka.

Sasa ni jioni na nakusikia jikoni na shangazi yako mkibishana kama omena, dagaa wetu wa ziwani, wanaruhusiwa kupanda ndege. Mambo ya sweta, chanjo na nani wa kupigiwa ukifika, shangazi yako ameshayaandika kurasa tatu na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Sina la kuongeza hapo. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mama yako alikuwa Mkuria wa Kehancha, mimi Mjaluo wa Ndhiwa, na tulipooana hakuna aliyetaka kuonekana ameshindwa na lugha ya mwenzake, basi tukakutana katikati. Tulipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili, na kosa ninalotaka kukuambia nililifanya kwa Kiswahili pia.

Wiki iliyopita uliketi kwenye kochi na simu yako, ukanisomea ule ukurasa unaoonyesha umbali wa kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine. Uliandika jina la kiwanja chetu, hiki changu cha murram, changarawe nyekundu ya kushindiliwa, kisha Nairobi, ukapewa kilomita mia mbili na sabini na dakika hamsini. Ukaandika Nairobi na London, ukapewa kilomita elfu sita na mia nane na kitu, saa nane na dakika arobaini. Ukajumlisha kwa vidole, ukasema, "Baba, si mbali hivyo. Masaa tisa na nusu tu, nimefika." Nikakuambia hujahesabu kungoja. Ulicheka ukaniita mzee wa kiwanja, nami nikacheka, lakini tangu siku hiyo chakula hakijaniingia vizuri. Wewe ulidhani ni huzuni ya kuachwa.

Ukurasa ule hausemi uongo. Unachukua mstari ulionyooka, kama wa kuchorwa kwa rula, unaugawa kwa mwendo wa ndege, basi. Ila una makosa mawili ambayo mtu wa kazi yangu anayajua. La kwanza, unaonyesha kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Si sawa. Upepo wa juu huku kwetu mara nyingi unatoka mashariki. Ndege inayotoka Nairobi kuja ziwani inasukumwa mgongoni na inawahi, na inayorudi inapambana nao uso kwa uso. Ndiyo maana wewe kesho utachukua kama dakika hamsini na tano, si hamsini. La pili, ukurasa unaanza kuhesabu magurudumu yakiinuka. Mambo yote yaliyo kabla ya hapo, mkoba, kuaga, matope, kwake hayapo.

Watu wengi hawajui kazi yangu ni nini hasa. Ulipokuwa darasa la tatu uliandika kwamba baba yako anafanya kazi ya ndege, na mwalimu wako akaelewa kwamba mimi ni rubani. Akawa ananiita Kapteni kwenye mikutano ya wazazi. Sikumsahihisha kwa mihula miwili. Ningejifunza kitu kuhusu nafsi yangu hapo kama ningekuwa mtu wa kujifunza.

Kazi yangu iko hivi. Ofisi ya Nairobi inanipigia simu na kusema neno moja: "Imetoka." Natazama saa. Natembea kiwanja chote, mwanzo hadi mwisho, nikitafuta mawe na mashimo yaliyochimbwa usiku na mnyama mhanga. Naangalia ule mfuko wa kuonyesha upepo kama haujajisokota kwenye mlingoti. Halafu nafukuza ng'ombe. Ng'ombe ndio kazi yenyewe. Ukiwafukuza mapema wanarudi, kwa sababu nyasi za pale ni tamu na ng'ombe hana aibu. Kwa hiyo unawaacha wale mpaka zibaki dakika kumi, ndipo unawatoa wote kwa mkupuo mmoja, na ndege inakuta njia nyeupe. Niligundua hilo mwaka wa kwanza, na kwa miaka kumi sikukosea hata mara moja. Marubani walinisifu. Mama yako alisema nikifa ataandika msalabani: Hapa amelala Dakika Kumi.

Ndege ikiondoka, bado siwezi kwenda nyumbani. Nakaa pale pembeni, juu ya lile pipa, mpaka Nairobi wapige tena waseme, "Imetua." Ndege ikipata shida njiani inaweza kugeuka, na ikigeuka ikute ng'ombe, ni msiba. Kwa hiyo kazi yangu ni simu mbili na kungoja. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita na sijawahi kupanda ndege hata siku moja.

Sasa mama yako.

Ulikuwa na miaka kumi, kwa hiyo unakumbuka mengi ya siku ile, lakini mengine unayakumbuka jinsi nilivyokupa mimi. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, na mwaka ule ulichoka. Muuguzi wa zahanati alituambia asipandishwe gari kwa safari ndefu, barabara itammaliza. Nairobi walikubali kumpokea, na watu wa ofisi yangu wakamwombea nafasi katika ndege ya wagonjwa ambayo ingetua kwetu mchana, imchukue, kisha ipitie mgonjwa mwingine upande wa Mara. Ulikuwa wema mkubwa. Sijausahau.

Asubuhi ile mama yako aliamka kabla yangu. Nilimkuta ameshavaa lile gauni la kijani na sweta juu yake, ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba uko miguuni. Nilipochukua baiskeli kwenda kiwanjani akaniuliza, "Baba Akinyi, kwa nini tusiende wote sasa hivi? Oduor ako hapa na gari. Nitalala kwa kile kibanda chako ningoje."

Oduor, baba yako mdogo, alikuwa amekuja na pikapu tangu jana yake kwa ajili hiyo hiyo. Lakini Dani, bibi yako, hakutaka. Unamjua mama yangu alivyokuwa. Alisema mgonjwa akitolewa nyumbani asubuhi na kulazwa kiwanjani, watu wa sokoni watapita wamwone, wataanza kulia, na kilio kikishaanza hakirudi nyuma. Kwetu hilo si neno dogo. Wewe mwenyewe umeona watu wakileta viti vya matanga kwa nyumba ambayo mgonjwa bado anakunywa uji. Walakini nisimsingizie marehemu. Dani alikuwa na hofu tu, na hofu ya mama mzee ningeweza kuizunguka kwa maneno mawili matatu mazuri. Mwenye saa mkononi nilikuwa mimi.

Nilimwambia mama yako, "Bado. Ndege ikitoka Nairobi nitapigia Oduor. Tutakuwa na dakika hamsini, na kutoka hapa ni ishirini tu."

Akaniangalia. Akasema, "Mimi niko tayari. Tunangoja nini?"

Nilimwambia apumzike, nikapanda baiskeli. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyozungumza tukiwa wawili.

Akinyi, nilimpangia mama yako safari kama nilivyokuwa nikiwapangia ng'ombe. Usiwatoe mapema, zibaki dakika chache, toa kwa mkupuo mmoja. Kanuni ilikuwa nzuri na ilikuwa imenipa sifa. Lakini ilikuwa kanuni ya ng'ombe.

Na kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya kupambazuka. Unajua ule udongo mweusi karibu na kijito tunachovuka kwenda kiwanjani. Asubuhi ile nilipofika pale magurudumu ya baiskeli yaligoma kuzunguka, nikaibeba begani. Niliibeba begani, mwanangu, matope yakanifika vifundoni, nikavuka, nikanawa miguu, nikaendelea. Na bado kichwani mwangu gari lilikuwa linatumia dakika ishirini, kwa sababu ndiyo hesabu niliyoizoea ya kiangazi. Ningeweza kupiga simu pale pale kando ya kijito na kusema mleteni sasa. Simu ilikuwa mfukoni.

Ofisi ilinipigia saa saba na nusu. "Imetoka." Nikampigia Oduor papo hapo, akasema wanatoka. Dani akataka waombe kwanza, na maombi ya Dani unayakumbuka, yalikuwa yanazuru ukoo mzima pamoja na waliokwisha kufa. Kisha wakamwingiza mama yako garini, wewe ukapanda nyuma, mkaondoka.

Ndege ilitua baada ya dakika arobaini na tatu. Upepo ulikuwa umeisukuma. Nilikuwa bado namtoa ng'ombe wa mwisho, na rubani ikabidi azunguke mara moja. Alizima injini, muuguzi akashuka na machela.

"Mzee, patient ako wapi?" rubani akaniuliza.

"Ako njiani. Wanafika sasa hivi."

Nikampigia Oduor. Alikuwa anahema. Gari lilikuwa limezama kijitoni hadi kwenye ekseli na walikuwa wanasukuma. Nikamwambia rubani dakika kumi. Alinipa ishirini. Kisha akanipa kumi na tano nyingine bila kuombwa. Mawingu yalikuwa yanajipanga juu ya ziwa, na yule bwana alikuwa akitembea huku na huku akikanyaga murram kwa kisigino, kwa sababu ikilowa ndege haiinuki mpaka kesho yake, na yule mgonjwa wa Mara naye alikuwa mtu wa watu. Mwishowe alinishika bega. Alisema pole, na kwamba kama angeweza kukaa angekaa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Yeye alihesabu kila kitu, hata udongo.

Upepo wa chini ulikuwa wa ziwani, basi ndege iliruka kuelekea magharibi, ikapita juu yenu kwanza ndipo ikageuka kurudi mashariki. Nikachukua baiskeli. Mvua ilinikuta nusu ya njia. Nilipofika kijitoni ulikuwa umesimama nyuma ya pikapu, matope hadi magotini, unaruka ruka. Uliponiona ukapaza sauti, "Baba, ndege ya mama imekuja! Nimeiona!"

Uliiona ikiondoka ukadhani inafika. Mtoto angejuaje? Mama yako alikuwa ndani ya gari, kichwa chake kwenye paja la Dani, macho wazi, ananitazama. Yeye alikuwa mke wa mtu wa kiwanja kwa miaka kumi. Sauti ya ndege inayoshuka na sauti ya ndege inayopanda alizitofautisha hata akiwa anakoroga ugali.

Nami nikasema, "Imechelewa. Mvua imeizuia kutua."

Sikuwa nimeipanga. Ilitoka tu, kama ninayemjibu mtoto ili aache kuruka. Lakini nilisema mbele yake, na yeye alijua. Hakunipinga. Alifumba macho akasema, "Basi twende na gari."

Tulilitoa gari lile matopeni kwa msaada wa watu waliokuwa wakitoka sokoni. Wewe tukakuacha kwa jirani. Tukapita Rodi Kopany, tukakamata njia ya Kisii, Oduor akiendesha kama aliyebeba mayai, na tulipokuwa tumepita Rongo kidogo mama yako akashusha pumzi moja ndefu na hakuchukua nyingine. Nilikuwa nimemshika mkono. Saa yangu ilikuwa kwenye mkono ule ule, na niliiangalia. Mpaka leo najua dakika yenyewe, na sitaki kukuandikia.

Miaka kadhaa baadaye nilimuuliza daktari mmoja aliyeshuka kwenye kiwanja chetu kama ndege ingemwokoa. Alisema hakuna anayeweza kujua. Huenda angefika salama, huenda moyo ungesimama mkiwa juu ya Narok. Sikuandikii hilo ili likufariji. Mimi nililinywa kama dawa kwa muda mrefu na halikuponya kitu.

Neno langu la kijitoni lilikuwa dogo, ila lilikua haraka kuliko wewe. Siku ya mazishi mhubiri alisema kuhusu ndege iliyochelewa, na watu wakaguna kwa uchungu. Wajomba zako walikuja kutoka Kehancha na huzuni yao, wakauliza ilikuwaje, nikawaambia vile vile. Oduor alikuwa ameketi karibu nami. Alijua nilimpigia simu saa ngapi. Alinitazama, akatazama chini, na kwa miaka kumi na sita hatukuwahi kulitaja. Darasa la saba ukaandika insha, "Ndege Iliyochelewa," ikasomwa mbele ya shule nzima nami nikaketi mstari wa mbele nimevaa koti. Walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Na kiwanja ukakikataa. Ulikuwa ukiniletea chakula cha mchana unakiacha kwenye lango, hukuvuka, hata siku za mvua. Nilikuwa nakiona kile kibakuli juu ya nguzo na natamani kukuita. Ulikichukia kiwanja na ukanihurumia mimi. Ilitakiwa iwe kinyume chake.

Kisha mwaka huu, ulipokuwa unajiandaa kwa ule usaili wa kazi kwa kompyuta, nilipita na kikombe cha chai nikakusikia mbele ya kioo ukifanya mazoezi kwa Kiingereza. Ulisema ulichagua uuguzi kwa sababu siku moja ndege ilichelewa na mama yako akafa akiingoja, na hutaki mtu mwingine angoje hivyo. Ulilisema vizuri sana. Mimi mwenyewe ningekupa kazi. Nilirudi jikoni nikaimwaga chai.

Ndipo nikaona ninachokufanyia. Unakwenda kuishi na watu usiowajua, na watakapokuuliza wewe ni nani utaanza na hadithi hiyo. Utawaambia kuhusu rubani aliyechelewa. Hakuchelewa, mwanangu. Aliwahi kwa dakika saba. Aliyechelewa ni mume aliyesema bado. Nimekupa msingi wa uongo na wewe, kwa jitihada zako, umejenga juu yake nyumba nzuri, na sasa naogopa kuigusa. Lakini nikikuacha uondoke nayo hivyo, nitakuwa nimekudanganya mara mbili, na mara ya pili kwa makusudi.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya wengine. Yangu nimeitembea miaka kumi na sita na kila nilipodhani nimefika mwisho ulikuwa unapata cheti kingine.

Leo mchana nilimwendea Oduor nikamwambia nitakuandikia. Alikuwa chini ya gari anafunga kitu, hakutoka. Alimaliza kukaza nati. Kisha akasema, "Andika. Hata mimi nimechoka nayo." Usimkasirikie. Alinyamaza kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, na kwa kweli ndiye aliyesukuma gari lile mpaka mabega yakachubuka. Jumamosi nakwenda Kehancha kumwambia mjomba wako Mwita na ndugu zake. Sijui watanipokeaje. Nilitaka wewe utangulie kujua.

Unajua siku hizi nafanya kazi vingine. Simu ikisema imetoka, nawafukuza ng'ombe dakika hiyo hiyo. Wanarudi, nawatoa. Wanarudi tena, nawatoa tena, dakika hamsini nzima, nikizunguka na fimbo juani kama mtu aliyepotelewa na kitu. Marubani wapya wanadhani ndiyo taratibu. Mama Risper mwenye wale ng'ombe watatu weupe ananiuliza kila siku nina haraka gani. Nimemwambia ni amri kutoka Nairobi. Huo nao ni uongo, sasa naona, na kesho kutwa nitaurekebisha.

Kuhusu kazi yako sina ujuzi wa kukufundisha. Lakini najua utakosea. Utakuwa umechoka, utakuwa unajiamini, na kanuni yako itakuwa imekupa sifa miaka kumi. Siku hiyo ikifika, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajakurahisishia kwa kukupa maneno ya kusema. Mimi wewe ndiye uliyenipa maneno, uliposema ndege imekuja, ukiwa na miaka kumi, bila kujua, na niliyapokea kwa mikono miwili. Kukosea kwenyewe, mama yako angenisamehe, nafikiri. Nilimwona akifikiria kunisamehe pale garini kabla sijafungua mdomo.

Na mgonjwa akikuambia yuko tayari, usimjibu kwa saa. Hilo tu.

Sikuombi unisamehe ukiwa hewani. Dakika hamsini na tano hazitoshi, na mimi si mtu wa kupangia wengine dakika tena. Kama utataka kuendelea kusema ndege ilichelewa, kwa sababu umezoea au kwa sababu huo ukweli mwingine ni mzito, hilo ni lako, sitakuumbua mbele ya mtu. Kama utataka kunikasirikia, nikasirikie sawasawa, usinipunguzie kwa sababu ya mvi. Nakupenda. Nilikupenda pia nilipokuwa nakudanganya, na sijui kama hilo linasaidia au linaharibu.

Kesho mtaruka saa nne asubuhi. Upepo wakati huo bado ni wa nchi kavu, kwa hiyo mtaelekea mashariki moja kwa moja, hamtapita juu ya kijito. Ukikaa upande wa kushoto utaona ghuba yote ya Homa Bay kabla hamjaingia mawinguni. Mimi sijaiona kutoka juu. Nimeambiwa tu.

Nimemaliza kuandika, na nimeisoma barua hii polepole huku nikiitazama saa. Inachukua dakika ishirini. Zinakubakia thelathini na tano kabla ya Nairobi. Huna la kufanya na hizo ila kukaa nazo, na samahani kwa hilo.

Mimi nitakuwa kwenye pipa. Ofisi watanipigia waseme imetua, na siku nyingine zote simu hiyo ndiyo inayonipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kesho haitanitosha, kwa sababu itanipa habari za ndege, si zako. Ukitaka kupiga, piga. Usipopiga kesho, piga utakapoweza, hata kama ni mwakani, hata kama ni kunitukana. Sitakuuliza umechelewa wapi.

Siku yoyote utakayogeuka, njia utaikuta wazi. Ng'ombe nitakuwa nimeshawatoa mapema.

Baba yako